Kimashine cha Mzungu na Jiko la Mama Nyamizi

Nyie, bahati yangu imezidi: leo nimeshinda redio ya mzungu!

Mzungu mmoja mgeni kaficha kopo, ama bustanini ama kwenye mabaki ya mgodi wa zamani, katugawia GPS, vimashine vinavyosoma setilaiti. Atakayepata kopo kwanza, redio yake.

Alieleza kirefu, Kiingereza kitupu. Wenzangu wametoa macho. Mimi naitikia tu, "Yesi, yesi." Nimefika Dar mara mbili mimi!

Kimashine kikanipeleka mpaka jikoni kwa Mama Nyamizi, mjane anayekaa kwenye nyumba za wachimbaji wa zamani.

"Mama, humu kuna kopo la mzungu."

"Kopo? Hiyo mali aliyoizika Mjerumani zamani hiyo! Chimba, mwanangu."

Ningeweza kumbishia, sikumbishia. Nikamwambia hata mimi nahisi ni dhahabu, huku nacheka moyoni. Sururu kaleta mwenyewe.

Tukang'oa mafiga. Tukachimba hadi chini ya ukuta. Majirani wamejaa: "Mama Nyamizi, ukitajirika utusalimie!"

Ukuta ukalala. Paa likafuata.

Mzungu akaja mbio, mtu akatafsiri: kimashine hukosea hata hatua mia, si alisema asubuhi? Kopo lilikuwa bustanini. Mwenzetu mmoja, karani wa stesheni, kalipata kitambo.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Nyamizi akaniuliza taratibu, "Mwanangu, basi tuendelee kuchimba?"

Nitukaneni, ila kesho mje na miti na udongo.

Redio sina. Niliwadanganya. Nimebomoa jiko la mjane.