Kamba ya Mbuzi Katika Ukungu wa Gatsata

Watu wa Gatsata wamekicheka kisa hiki mpaka kimechakaa, na kila anayekisimulia anakitia chumvi yake, kwa hiyo bora nikiandike mimi mwenyewe na aibu yake yote, maana aibu ni yangu, na mali yangu sipendi ichezewe na wengine.

Kwanza mnijue. Shule niliiacha darasa la pili, nikaenda kupasua mawe, na kwa mawe hayo nimejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, nimeoa, nimesomesha, na sikuwahi hata siku moja kumwuliza mtu maana ya neno lolote (hapo ndipo ugonjwa wangu ulipo, lakini tuendelee). Miaka ile vita ilikuwa imeanza kaskazini, malori yakipita barabara ya Gatsata mchana kutwa, na juu ya barabara, pale kwenye machimbo yangu, kulikuwa na jabali lililopasuka ambalo mvua kubwa ingeliangusha juu ya watu. Mzungu wa barabara akaja, akalitazama, akasema mtu ateremke kwa kamba na mtaimbo, alitoe vipande vipande. Akanipa kichuma chenye umbo la namba nane, kamba unaipitisha humo unashuka taratibu kama buibui, kisha akaniambia kwa Kifaransa chake nikanunue kamba, iwe nyembamba, hata ya bei ndogo si neno, lakini lazima iwe statiki.

Mimi nikaitikia "wi, wi" kama mtu aliyesomea Ubelgiji, na kichwani nikasema, mzungu huyu anameza herufi, anataka kusema plastiki.

Nikashuka mjini kwenye duka la vyuma la Mkongomani mmoja. Akanitolea kamba mbili, zote nyembamba kama kidole cha mwisho. Moja nyeupe, imefumwa ganda kama soksi, ukiivuta hairefuki hata kidogo, na bei yake ilinifanya niirudishe mezani kama kaa la moto. Ya pili ya buluu, nyepesi, inang'aa, inateleza mkononi, bei yake hata nusu ya ile haifiki, na ni plastiki tupu! Nikasema moyoni, hii ndiyo.

"Papa," akaniuliza, "unatafuta ya mutu ao ya mbuzi?"

Nikaona ananidharau kwa sababu ya kandambili zangu. "Ya mbuzi!" nikamfokea. "Na mbuzi mwenyewe ndiye huyu aliyesimama mbele yako!"

Akacheka sana, akapima ya buluu. "Mbuzi yako iko muzito, papa."

Asubuhi iliyofuata nilipanda machimboni na mfanyakazi wangu Kalisti. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bonde la Nyabugogo mpaka kutufunika, mtu huoni mkono wako, na mwenye akili angengoja jua, lakini mimi nilitaka mzungu akija akute kazi imeanza. Nikafunga kamba kwenye kisiki cha mkaratusi, nikajifunga mkanda wa lori kiunoni na mapajani, nikamtuma Kalisti ateremke barabarani na kitambaa chekundu asimamishe watu na magari. Juu akabaki nani? Hakubaki mtu. Nilikuwa na hakika sihitaji mtu.

Nikashuka. Mwanzo ilikuwa tamu, kamba inateleza, nikashuka kwa kasi zaidi, nikasikia harufu kama ya sahani ya plastiki iliyosahaulika jikoni, halafu kichuma kikauma. Kamba ilikuwa imeyeyuka kwa joto ikagandana ndani ya ile namba nane, na mimi nikasimama hewani, jabali mbele yangu, chini ukungu, juu ukungu. Kisha ikaanza kunizungusha. Taratibu, upande mmoja, halafu inajikunjua upande mwingine, kama kuna mtu ameshika kichwa changu anataka kuniona uso. Na kila nikizunguka, nyuzi za buluu juu ya kichuma zilikatika, moja, kimya, kisha nyingine, tap.

"Kalisti!" nikaita.

Kilima cha ng'ambo ya bonde kikaipokea sauti yangu, kikaikalia kidogo, kikairudisha nzito kuliko nilivyoitoa: Kalisti.

Sasa mnajua wenyewe, kwetu huku mtoto anafundishwa mapema, ukiitwa jina na sauti ambayo mwenyewe wake humwoni, usiitike, maana ukiitika umekubali kumfuata. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanangu. Lakini ukining'inia hewani hukumbuki, unaita tu. Nikamwita Kalisti tena na tena, na nilisikia wazi kabisa, maana ukungu unabeba maneno, kitambaa kikipigwapigwa na upepo na Kalisti akinong'ona, "Yesu, Mariya, Yesu, Mariya."

Wakaja wanawake wanaopeleka ndizi sokoni Nyabugogo, Kalisti akawasimamisha, wakasimama, na dereva wa lori akasimama, na watu wakaongezeka. Nikasikia mmoja anasema, "Mama Fayida, weka ndizi chini usikilize." Nikafurahi, nimepata jina! Nikapiga kelele, "Mama Fayida! Mama Fayida, njoo huku juu!"

"Mana yanjye! Imeita mimi!" akamaka Mama Fayida, akimtaja Mungu wake.

"Usijibu, weye! Funga mudomo!" wakamkemea wenzake.

Basi kila jina nililolisikia nikalitumia, nikidhani mtu akiitwa jina lake atanionea huruma, na kila niliyemwita akanyamaza kama aliyezikwa. Ikafika mahali wote wamenyamaza. Ninyi hamjui ubaya wa kusikia watu wengi wakipumua chini yako na hakuna hata mmoja anayekujibu. Nilianza kujipapasa kifua. Nilijiuliza kweli, labda kamba ilikatika zamani, labda nimelala kule chini na hiki kinachoita ni kitu kingine.

Hapo kandambili yangu ya kushoto ikavuka mguuni. Ikaangukia, kama nilivyokuja kuambiwa, ndani ya kikapu cha ndizi cha Mama Fayida.

"Hii iko ya Muzee Hemedi," sauti ya Kalisti ikasema. "Ameanguka. Amekufa."

Wakamtuma mtu nyumbani kwangu, si mbali, na punde nikamsikia mke wangu anakuja analia, na wanawake wanamshika. Tap, ukakatika uzi mwingine, nikashuka kidogo ghafla, moyo ukabaki juu. Nikatupa fahari yote.

"Mama Zaina!" nikalia. "Mke wangu, nisaidie! Nimekosea! Nawaombeni wote, nisameheni, nisaidieni!"

Kilio chake kikakatika. Akasikiliza. Kisha akasema kwa huzuni ya mtu aliyethibitisha, "Huyo siye. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana, Hemedi hajawahi kusema amekosea, wala hajawahi kumwomba mtu. Huyo ni mzimu umechukua sauti yake."

"Pole, mama," wakamwambia. "Pole sana."

Nikabaki hapo nikizunguka, nimeombolezwa kwa sababu ya kusema ukweli. Hasira ikanipanda, ile yangu halisi, kutoka tumboni.

"Wewe mwanamke!" nikanguruma. "Na wewe Kalisti, kichwa kama sufuria, nimekuajiri ukilala njaa, unanisomea sala badala ya kupanda! Nani anayejua mawe Gatsata nzima kama si mimi? Nani? Leteni kamba, wapumbavu ninyi, kabla sijashuka niwatandike mmoja mmoja!"

Mke wangu akasema, "Ni yeye! Yuko hai! Pandeni!"

Kicheko kilichopasuka pale barabarani sitakisahau. Walipanda wote wakicheka, dereva akaleta kamba nene ya turubai, wakaiteremsha, nikajifunga kifuani, wakanivuta na mguu mmoja peku kama mbuzi anayetolewa shimoni. Ile ya buluu ilikatika nikiwa bado sijafika ukingoni. Mzungu naye akatokea, akaokota kipande chake, akasema, "Statiki, Hemedi. Statiki." Nami mbele ya kadamnasi nikamjibu, "Ndiyo, plastiki." Kalisti, aliyesoma shule ya mapadri, akalazimika kunieleza kwamba maana yake ni kamba isiyovutika, ya kubeba mtu. Watu wakakaa chini kwa kucheka.

Mama Fayida peke yake hakucheka. Alikuja akanirudishia kandambili.

"Muzee, usituchukie," akasema. "Iko sauti ilianza kutuita tangu tuko kwetu, bado giza, na mimi sijatoka hata mulangoni. Iliita mutu mumoja mumoja, na majina. Njia yote tumekuja kimya. Tumefika hapa, bado inaita."

Giza lilipokuwapo mimi nilikuwa nyumbani nakunywa chai. Nikamtazama mke wangu, aliyenimiminia chai hiyo, naye akatazama pembeni. Kicheko kikaisha, kila mtu akachukua mzigo wake, wakateremka Nyabugogo.

Mama Fayida sina tena pa kumwuliza, wala wengi wa waliosimama barabarani asubuhi ile; vita ile ilipoteremka mpaka kwetu, mauaji yaliwachukua.

Siku hizi kamba ya kubeba mtu nanunua ile nyeupe, hata ikinilaza njaa, na neno nisilolijua nauliza, hata mbele ya wajukuu. Ila ukungu ukipanda kutoka bondeni nafunga mdomo wangu. Siiti mtu kwa jina, na mimi nikiitwa, nangoja kwanza nione uso.