Kumsuta Wifi Chini ya Maji

Mimi ni mtu wa ndani. Sijisifu wala silalamiki, ndivyo nilivyo. Nashona mapazia chumbani kwangu, ghorofa ya tatu, Kariakoo, na nikihitaji vitunguu nashusha kapu kwa kamba dirishani, mwenye duka wa chini ananitilia, navuta. Mume wangu kazi yake ni kutoa mizigo ya watu bandarini. Huwa anawaambia wenzake kwamba ameshatoa makontena yaliyokwama kwa kila sababu duniani, ila mkewe nyumbani bado hajapata kibali cha kumtoa.

Wifi yangu, dada wa huyo mume, alikuja Ijumaa mchana na sahani ya visheti. Hapo hapo nilipaswa kushtuka, maana yule haleti visheti bure. Alikaa, akasifia kitambaa nilichokuwa nashona, akauliza habari za mgongo wangu, ndipo akatoa lililomleta. Kulikuwa na mashindano ya michezo mitatu, wenyewe wanayaita triathloni. Mnaweza kuingia watatu mkapokezana: wa kwanza anaogelea baharini, wa pili anapokea kwa baiskeli, wa tatu anamalizia kwa mbio. Baiskeli ni yeye. Mbio ni jirani yetu wa ghorofa ya kwanza, mama mwembamba ambaye kila Jumamosi hukimbia na kikundi chake kana kwamba anadaiwa. Aliyekuwa aogelee amepata ujauzito, daktari kamkataza. Jina langu lilikuwa limeshaandikishwa.

"Si ulikuwa unaogelea Idi pili, wifi?" alisema. "Sote tunakumbuka."

Nilikuwa naogelea kweli, kama kuogelea ni kwenda na kichwa juu, shingo imekakamaa, mithili ya mtu anayevuka mafuriko ya bonde la Jangwani huku simu ameing'ata mdomoni. Kwa namna ile unafika, mradi uendako ni karibu kama mlango na uani. Wao walitaka niende mpaka kwenye boya na kurudi.

Nilifungua mdomo nikatae. Lakini ndoa ya wifi ilipovunjika alirudi kwa mama yake, jengo linalotazamana na letu, na kwa miezi mingi nikiwa cherehani nililiona dirisha lake limefungwa mchana kutwa, pazia nililoshona kwa mkono wangu halisogei. Kilichomtoa kitandani ni ile baiskeli kuukuu aliyouziwa mtaa wa Gerezani. Si dawa, si mashauri ya shangazi. Sasa alikuwa amekaa kwenye kochi langu, magoti yamebanana, akingojea jibu. Nikasema nitajaribu, kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Nilinunua suruali za mazoezi za mitumba Mchikichini, nikazifumua, nikajishonea vazi la kunifunika mpaka vifundoni. La kwanza lilijaa hewa nikaelea kama andazi kwenye mafuta. La pili likakaa sawa. Nikaishiwa visingizio.

Jumapili asubuhi bwawa la kuogelea tulikokwenda sote watatu lilikuwa la wanawake peke yao. Mwalimu wetu, binti mrefu mwenye filimbi shingoni, alitushikisha ukingo akatueleza mambo ambayo kwa masikio yalikuwa mepesi. Kichwa hakiinuliwi mbele, maana kikipanda, miguu inashuka. Unakigeuza ubavuni pamoja na bega, kioo kimoja cha miwani kibaki majini, mdomo utoke kidogo tu pembeni, unavuta hewa, unarudi. Na hewa unaitoa chini, ndani ya maji, pole pole, ili ukigeuka uwe umeshamaliza kutoa. Huko juu hakuna nafasi ya kazi mbili.

Niliingiza uso na koo likajifunga lenyewe. Sikuliamuru. Masikio yalijaa mvumo, na moyo niliusikia mpaka kwenye meno. Nilibana pumzi kama ninavyobana mkoba nikipita mtaa wa Kongo siku za kukaribia Idi, kwapani, kwa nguvu zote, na kila mtu mwizi. Kisha nikageuka kuvuta hewa, kumbe kifua kimejaa ile ya zamani, hakuna pa kuweka mpya. Nikameza maji. Nikasimama nikikohoa, na maji yalikuwa yananifika kifuani.

Hilo ndilo lililoniaibisha zaidi. Nilikuwa nazama mahali ninapoweza kusimama.

Nyumbani nilifanya mazoezi kwenye beseni kubwa la kufulia. Hofu haikujali kwamba ni beseni. Nikiingiza uso tu naona kama kuna mtu nyuma ananishika kisogo. Mume wangu alipita akachungulia akaniuliza kama ninaoga au ninajizamisha, maana kama ninajizamisha kwanza nimwonyeshe chumvi ilipo. Nilimjibu kwa urefu. Mimi kujibu sijawahi kushindwa.

Na huko kujibu ndiko kulikoniponza, au kuniokoa, sijui. Jumapili moja nilikuwa nimeshika ukingo wa bwawa namweleza jirani yetu habari za bei ya zipu, za mgongo, za mbu, na mwalimu amesimama juu yangu anasikiliza. Alisubiri sana nipumue apate pa kuingilia.

"Dada," alisema, "huku juu hunyamazi. Kwa nini ukiingia majini unanyamaza?"

Nikasema ndani ya maji niongee na nani.

"Ongea tu. Mtu hawezi kuongea huku amebana pumzi. Sema humo humo, sentensi ikiisha geuka."

Wifi yangu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alisema toka kaka yake anioe hajasikia mtu akiniambia tatizo langu ni ukimya.

Nikajaribu. Nilianza na kuhesabu, nikafika pachache koo likafunga. Nikajaribu majina ya vitambaa. Pamba, hariri, satini, na maji yakaingia. Maneno yasiyo na mtu wa kuyapokea yanakwisha haraka. Ndipo nikakumbuka kwamba kwenye arusi ya binamu yao wifi alikaa katikati ya wanawake akasema pilau langu lilikuwa kavu.

Kwetu mtu akikusema nyuma ya mgongo haandikiwi barua. Unakusanya wenzio, mnavaa sare, mnamfuata mpaka mlangoni kwake, unamsuta mbele ya mtaa mzima, neno kwa neno. Sijawahi kumsuta mtu, kwa sababu ingebidi nitoke nje. Lakini mdundo wake ninao. Nikaingiza uso majini nikasema, wifi, pilau lile ulirudia sahani. Mapovu yalipanda mashavuni. Nikageuka, hewa ikaingia yenyewe, nikarudi chini: na sufuria langu kubwa, wifi, hujalirudisha tangu Maulidi. Nikageuka. Nikashtukia mkono umegusa ukuta wa pili.

Yeye alikuwa mstari wa pembeni anapiga miguu na ubao, hana habari.

Kuanzia siku hiyo nilimsuta kila Jumapili. Nilimsuta kwa visheti vyenye mafuta mengi, kwa kumfundisha mume wangu kunung'unika, kwa kuniita mwali wa kuzeeka. Hofu haikuondoka. Kila nilipoingiza uso ilikuwa pale pale, imekaa kooni. Tofauti ni kwamba sasa ililazimika kusubiri sentensi iishe.

Ila bwawa lina sakafu.

Asubuhi ya mashindano tulisimama mchangani na kofia za mpira, na mbele yetu bahari ya kijani isiyoonyesha kitu. Mbali kulikuwa na meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini, na boya la rangi ya chungwa lilionekana liko karibu na meli kuliko na mimi. Kwenye kifundo cha mguu nilifungwa mkanda wenye kidude cha kupimia muda. Mkanda huo ndio nilitakiwa kumkabidhi wifi. Nikipanda mtumbwi wa waokoaji, timu nzima imetoka: yeye hapandi baiskeli, jirani hakimbii, wanarudi nyumbani na chupa zao za maji.

Wifi alikuja kunikaza mkanda kabla ya kwenda kusimama na baiskeli yake. Uso wake ulikuwa umepauka, na hapo ndipo alipoamua kunitania.

"Usiogope. Pilau la hitima yako halitakuwa kavu."

Nilitaka kumjibu. Filimbi ikalia.

Mwanzo niliona miguu ya watu tu. Mmoja akanipiga kisigino begani, nikabana pumzi, yote niliyofundishwa yakatoka kichwani kama maji ya kunawia. Chini hapakuwa na mstari wa kufuata wala sakafu, palikuwa na ukijani unaozidi kuwa mweusi. Nilizoea kugeukia kulia, na siku hiyo mawimbi yalikuwa yanatokea kulia. Nilipogeuka nipate hewa nikapata bahari, mdomo mzima, chungu kwa chumvi. Kichwa kikapanda juu. Miguu ikashuka. Nilitazama nyuma, watu wa ufukweni walikuwa wadogo kama pini. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na hewa ya kupigia.

Kijana wa uokoaji alisogeza mtumbwi wake wa plastiki, akaniambia nishike, ruhusa kushika. Nikashika kwa mikono yote miwili. Nilikuwa natetemeka mpaka mtumbwi nao unatetemeka.

"Dada, nikutoe?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Sikuwa na ujasiri wowote, nisijipambe. Nilikuwa na hofu mbili. Moja ilikuwa chini ya miguu yangu, haina mwisho. Ya pili ilikuwa imesimama kule kando ya baiskeli, na nililijua lile dirisha. Nilimwambia asubiri kidogo. Nikakohoa chumvi yote. Nikageuza uso kushoto, upande ambao sikuuzoea, mdomo ukaangalia kule mawimbi yanakokwenda, nikavuta. Kisha nikauachia mtumbwi na kuuingiza uso.

Wifi, nikasema, pilau lile.

Halikufika mbali pilau. Nililisema, na sufuria nikalisema, nikageuka kushoto vibaya, nikapata hewa nusu na maji nusu, nikaendelea. Hadi nalizunguka boya visa vyote vilikuwa vimekwisha, na koo lilikuwa linaanza tena kujifunga, linataka maneno. Yakatoka ambayo sikuyapanga. Wifi, mimi niko ghorofa ya tatu natazama dirisha lako. Nikageuka. Mtaa ni mmoja, ungeniita ningekuja. Nikageuka. Hata mimi, hata mimi ningeshuka. Nikageuka. Ungetikisa pazia tu. Nikageuka, na hewa ikawa nyingi kuliko nilivyotarajia. Niliyarudia hayo hayo mpaka kidole kikagusa mchanga.

Nilitoka kwa magoti. Nyuma yangu walikuwa wamebaki watu wachache, na mmoja wao alikuwa ameshikilia mtumbwi. Nilipanda ufukwe mpaka penye baiskeli nikipepesuka, na wifi badala ya kungoja nimfikie akawa ameshapiga magoti miguuni pangu anafungua mkanda. Vidole vyake vilikuwa vinashindwa. Alivuta, akakosea, akavuta tena.

"Niliona umesimama pale kwenye mtumbwi," alisema bila kuinua kichwa. "Nilijua basi."

Mimi, niliyeambiwa na mji mzima kwamba sinyamazi, sikuwa na pumzi ya kutoa neno. Nilimshika bega tu.

Aliufunga mkanda mguuni kwake. "Yule mwalimu kaniambia huwa unaongea humo ndani. Unasema nini?"

Nikapata hewa kidogo. "Nakusuta."

"Kwa lipi?"

Nikatikisa kichwa. Alinitazama, macho mekundu kana kwamba ndiye aliyetoka kwenye chumvi, akasema nitamsuta akirudi, nishike maneno yangu yasimwagike. Akaisukuma baiskeli mpaka kwenye mstari, akapanda, akaondoka.

Jirani alinifunika kanga na kuniketisha mchangani. Aliniambia nipumzike, imekwisha. Nilimwitikia. Lakini nilikuwa bado nageuza kichwa kushoto, navuta, napuliza pole pole, navuta tena, macho yangu kwenye barabara alikopotelea wifi.