Alizeti Ilivyoamka Darasani

Televisheni ya kwanza kuingia shule yetu ya msingi, huku upande wa Mtinko, ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba. Aliileta mzaliwa mmoja wa kijiji aliyekuwa akichuuza bidhaa za Dubai tangu biashara huria iruhusiwe. Televisheni na deki vilikuwa katika boksi moja, vikitumia betri ya gari, na ndani yake mkanda mmoja tu wa mambo ya kilimo. Walimu waliizunguka kwa mbali, kama kitu kilicholala ambacho hakuna anayetaka kukiamsha.

Nikaitwa mimi. Nilikuwa fundi redio, tena msomi: sekondari niliimaliza kwa masomo ya jioni pale Singida mjini, nikipigana na usingizi mpaka nikawa naota fizikia. Nilifika nimebeba bisibisi na vumbi la njiani la kutosha kuotesha mtama mgongoni.

Mwalimu wa sayansi alinipokea mlangoni, mama mpole ila macho yake hayakutulia.

"Fundi, nimepewa kipindi kimoja tu," alisema. "Mwenyekiti wa kamati ya shule anakuja kutazama. Asiporidhika, kitu hiki kinakwenda gulioni kuwa banda la video. Wameshachagua na mahali pa kuweka mabenchi."

"Mwalimu, kwa mikono hii, hata ukuta utaonyesha picha!"

"Ukuta ninao. Nifundishe vitufe."

Betri tuliyoazimwa ilikuwa ya trekta, kongwe kuliko sisi wote, hivyo hatukuthubutu kuichosha. Tulifanya mazoezi bila umeme. Mwalimu alibonyeza vitufe vilivyokufa, nami nikatoa milio kwa mdomo: vrrr, mkanda unakwenda, tk, umesimama, wiiii, unarudi nyuma. Mwalimu wa darasa la jirani alichungulia, akauliza gari hilo dereva wake yuko wapi. Mwalimu wa sayansi hakucheka. Alirudia mpaka vidole vyake vikajua njia bila macho.

Siku yenyewe darasa lilijaa hadi madirishani. Mwenyekiti, mkulima wa alizeti mwenye fimbo na koti zito, aliketi mbele mikono kifuani. Nikaunganisha waya. Kioo kikawaka, akatokea mzee mwenye mvi, amevaa koti jeupe, akitutazama usoni kabisa.

Darasa zima likainuka kama mtu mmoja.

"Shikamoo mzeee!"

Mzee akaendelea na Kiingereza chake. Watoto wakabaki wima, maana mgeni akiingia darasani hakuna kuketi mpaka aitikie, na huyu hakuitikia. Wa nyuma hawakuona kitu. Mwenyekiti akakunja uso.

"Mtu mzima gani huyu, anasalimiwa na watoto anakaa kimya?"

"Kaeni, watoto," nilisema, "huyo hawasikii!"

Hakuna aliyepinda goti. Mimi ni nani? Fundi wa redio. Binti mmoja wa mbele akaninong'oneza kwa huruma, "Hajaitika bado."

Na mimi nikaona nisichotaka kukiona: kingo za picha zimeanza kuingia ndani. Betri inachoka. Kipindi cha pekee cha mwalimu kilikuwa kinamalizikia kwenye salamu.

Mwalimu akasogea, akasimama ubavuni mwa televisheni, bega kwa bega na yule mzee.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya utu uzima. "Mzee anawashukuru. Ana haraka, anatuonyesha shamba. Kaeni."

Wakakaa. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mzee akaondoka, ikaja mbegu moja ya alizeti ndani ya udongo mweusi. Ikatetemeka. Ikapasuka. Kitu cheupe kikachomoza, kikainama, kikatafuta chini kana kwamba kimeitwa huko. Kisha shina likajikunja mgongo, likasukuma udongo, likainuka limevaa ganda lake kichwani kama kofia. Mbegu waliyozoea kuingoja siku nyingi iliamka mbele yao kabla hujamaliza kupiga chafya. Naapa nzi waliacha kuruka. Mimi niliyeunga waya mwenyewe nilisahau kufunga mdomo.

Mwalimu akabonyeza, bila kutazama. Picha ikasimama.

"Kilichotangulia kutoka ni jani au mzizi?"

"Mzizi!"

"Kwa nini usianze na jani?"

Yule binti wa mbele akanyoosha mkono: "Kwa sababu kwanza mbegu inatafuta maji, mwalimu. Jua italikuta juu."

Mwenyekiti aliinama mbele, fimbo imemdondoka na haoni.

"Mwalimu, rudisha," alisema taratibu. "Alizeti nimeipanda tangu sijaota ndevu. Sijawahi kuiona inaamka."

Wiiii. Mbegu ikatetemeka tena, ikapasuka tena. Mche ulikuwa ndiyo kwanza umeinua kichwa picha ilipojikusanya, ikawa kitone cheupe katikati ya kioo, ikazimika.

Watoto waliendelea kutazama kioo cheusi. Mwenyekiti akainuka, akaigusa betri kwa kiganja, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Fundi, hii inachajiwa wapi?"

"Mjini, mzee."

"Ifungue waya. Naipeleka mwenyewe. Itarudi hapa kabla ya kipindi chao kijacho."

Mwalimu aligeuka tusimwone uso, akachukua kifutio, akaufuta ubao wote, polepole, ingawa haukuwa na neno hata moja.