Habari za Tumbo

Siku ya kwanza watu wa Newala walimkasirikia daktari Mkorea kwa sababu sindano zake hazikuwa na dawa ndani. Walikuwa wametangaziwa kanisani kwamba anakuja mtaalamu wa matumbo sugu, yale ya kujaa gesi, kubeua na kukaa na chakula kifuani tangu mchana hadi kesho yake, naye anatibu kwa sindano. Kwetu sindano ni heshima. Mgonjwa anayerudi nyumbani na vidonge tu hujiona amedharauliwa. Sasa huyu anatoa kisindano chembamba kama unywele, kikavu, halafu anakichoma chini ya goti.

"Mimi naumwa tumbo, yeye ananichoma mguu," mzee mmoja wa kanisa alinilalamikia mbele ya watu wote. "Mwalimu, umemtafsiria sawasawa kweli?"

Nilikuwa mkalimani. Nafundisha Kiingereza sekondari moja ya Masasi, ilikuwa likizo ya Desemba, na kanisa lilipotafuta mtu wa kukaa na mgeni wiki nzima nilijitolea haraka. Nilikuwa na sababu yangu. Mama yangu, anayeishi Kitangari peke yake tangu baba afariki, alikuwa na tumbo hilohilo mwaka wa pili sasa. Hospitali walimpima, wakampitisha kamera kooni, hawakuona kidonda. Alikuwa anakonda, magauni yake ya kanisani alikwisha kuyapunguza mara mbili. Nilitaka apone. Hilo naliandika mapema kwa sababu mengine nitakayosema juu yangu si mazuri.

Siku ya pili Daktari akaanza kuchoma majani. Ni majani makavu, jamii ya pakanga, yaliyosagwa na kuviringwa. Anayawasha karibu na kitovu cha mtu mpaka ngozi ipate joto, na moshi unajaa ukumbi mzima. Wazee wetu wa kanisa, walewale waliomzuia mama mmoja asikaribie meza ya Bwana kwa kuwa alifukizwa na mganga kule Chilangala, walikuwa wamelala chali kwenye mikeka, matumbo wazi, macho wameyafumba kwa ibada. Mganga wa Chilangala akichoma majani ni ushirikina. Mtu aliyekuja kwa ndege akichoma, ni tiba, na mchungaji anafungua kwa sala.

Yakaja masharti. Kila tonge litafunwe mara thelathini. Jamani, ugali wa muhogo hautafunwi, unamezwa. Kisamvu kinausindikiza tu. Lakini mama mmoja wa Mnyambe alijaribu. Alinieleza kwamba alipofika kumi na mbili tonge halikuwepo tena, ikabidi aendelee kutafuna mdomo mtupu ili asije akamdanganya Daktari. Sharti jingine lilikuwa kuacha pombe. Wanaume wote waliapa kwamba hawanywi, na harufu ya uraka ilikuwa imeingia ukumbini kabla yao.

Daktari mwenyewe alikuwa mpole na mwenye bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyotuponza. Alitaka kuuliza wagonjwa kwa kinywa chake. Nikamfundisha: "Shikamoo. Habari za tumbo?" Sasa, mtu wa huku ukimwuliza habari, atajibu nzuri. Atajibu nzuri hata akiwa amebebwa kwenye machela. Ugonjwa unasemwa baadaye, baada ya habari za watoto na za mikorosho, unaingizwa polepole kwa neno "ila." Daktari hakungoja "ila." Akisikia nzuri, anatabasamu na kuandika kwenye daftari lake kwamba mgonjwa amepata nafuu. Kufika Alhamisi, kwa mujibu wa daftari lile, hapakuwa na tumbo bovu Newala nzima. Na mimi, mwalimu wa lugha, sikumsahihisha. Ilikuwa inanichekesha, tena tulikuwa tunamaliza kazi mapema.

Mama alikuja Ijumaa kwa bodaboda. Wiki nzima nililala nyumba ya wageni palepale Newala, na Kitangari si mbali, lakini sikwenda kumchukua. Nilimpigia simu tu. Nikamtambulisha kwa Daktari kwamba huyu ndiye mama yangu mzazi.

"Shikamoo, mama. Habari za tumbo?"

"Marahaba, baba. Nzuri tu."

Safari hii Daktari hakuandika kitu. Alimshika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akasikiliza mapigo kwa muda mrefu, kisha akambonyeza chini ya kifua. Mama akakunja uso. Daktari akaniambia kwa Kiingereza kwamba pale pamekaza, na kwamba kwao tumbo la namna hii wanalijua: ni la mtu mwenye huzuni, hasa mtu anayekula peke yake.

"Muulize anakula na nani," akasema. "Kama ni peke yake, sindano hazitamsaidia. Nitakuambia wewe la kufanya."

Jibu nilikuwa nalo. Mama hupika mara moja kwa siku mbili, na kiporo hukila jikoni akiwa wima. Mara ya mwisho kula naye ilikuwa Pasaka.

"Mama, Daktari anauliza unakula na nani."

Hakusita hata kidogo. "Mwambie nakula na wewe. Mwambie mwanangu huyu hanisahau, kila Jumapili anapanda Kitangari, tunachemsha ming'oko, tunakula na kucheka. Mwambie hivyohivyo."

Ningeweza kusema kweli. Sentensi moja fupi ingetosha. Nilitafsiri neno kwa neno, tena kwa matamshi mazuri.

Daktari alifurahi sana. Akamchoma sindano mbili chini ya goti, akamfungia tangawizi na maganda makavu ya machungwa ya kuchemsha, akafunga faili. Kisha akanitaka nimwambie mama kwamba ana bahati kupata mtoto kama mimi.

Nikamwambia.

"Mwambie najua," mama akasema, huku akishusha gauni kufunika magoti yake.