Arua Juu ya Kichuguu cha Bibi

Juma lililopita nilikwenda kutazama maonyesho ya dada yangu, mchongaji ambaye kazi zake zote ni miji ya udongo. Wageni walimuuliza kwa nini kila jengo lina matundu chini. Kinywa changu kilikuwa kimejaa tena utamu wa kumbikumbi wa kijijini kwetu Lobule, upande wa Koboko.

Katika miaka ya sabini, kila ukoo kwetu ulikuwa na kichuguu chake, ukikilinda kama ghala. Mvua zilipokaribia, dada, aliyekuwa ametoka kutembezwa Arua kwa mara ya kwanza, aliujenga mji huo wote juu ya kichuguu cha bibi: soko, barabara, kanisa kuu la Ediofe. Mimi nilimkandia udongo. Hatukujua kwamba tulikuwa tukiziba matundu ya kumbikumbi.

Bibi alipokuja kukagua kichuguu, alishika kiuno.

"Nyinyi watoto! Kumbikumbi itatoka wapi? Kwa masikio yenu? Bomoa hii Arua sasa hivi!"

Dada alilia kama aliyefiwa. "Bibi, ngoja kidogo. Mimi natoboa mlango kwa kila nyumba."

"Kama haitoki, mutakula ugali na matope ya mji yenu."

Dada alitoboa kwa bua la mtama mpaka vidole vikavimba. Kisha tukaketi na kugonga ardhi kwa vijiti, polepole na kwa mfululizo, tukiiga mvua inayowaita kumbikumbi nje, kama ilivyokuwa desturi. Kimya. Bibi akainua jembe. Ndipo bawa moja lilipochungulia katika dirisha la Ediofe. Mara soko likafurika, na barabara zote zikameremeta.

Bibi alitupa jembe, akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. "Arua yenu iko na watu mingi kushinda ile ingine!"

Jioni tulikula kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, mabawa yakipeperuka kutoka kwenye ungo hadi nywele zetu.

Bibi hayupo tena. Udongo wa kichuguu ulifyatuliwa matofali, na mahali pake ipo ghorofa iliyozungushiwa saruji hadi ukingo wa barabara. Nimesoma vitabu vingi vinavyosifu maendeleo. Ni vichache mno vinavyouliza wenyeji wa chini watokee wapi. Dada hajaacha kuuliza.

Wageni walipopungua, nilipiga magoti mbele ya mji wake, nikagonga sakafu kwa vidole, polepole na kwa mfululizo. Mlinzi alinikemea. Dada alicheka kicheko kilekile cha bibi, akapiga magoti kando yangu, akagonga naye.