Namna programu ya marejeo ilivyompa usomi mwenye nyumba wangu wa Bodo

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wale mnaosoma kimya kimya bila kuchangia nawaona pia.

Ninayoyaleta hapa yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Nikipunguza kitu ni kwa sababu ya aibu. Kuongeza siongezi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Nilikuwa nafanya masters chuo kikuu kimoja Nairobi, na utafiti wangu ulihusu mikoko na matumizi yake kwa watu wa Bodo, kule karibu na Funzi. Kwetu ni Kwale hiyo hiyo, upande wa mashamba ya settlement. Wazazi walihamia kutoka Ukambani, kwa hiyo Kiswahili nimekulia ndani yake, lakini nikifika Bodo bado ni mtu wa bara.

Nilipanga chumba kwa Bi Mejumaa Bakari. Mjane wa makamo, mpishi hodari, anaongea pole pole na hasemi jambo mara mbili. Ukimtupia shikamoo huku unatembea, haitikii. Unarudi, unasimama, unasalimu upya, ndipo unapata marahaba yako.

Sasa software.

Vijana wa leo mnabonyeza kitu kwenye browser na reference inaingia yenyewe. Mimi msimamizi wangu, nitamwita Daktari tu, alinipa floppy tatu akasema, "Hii ndiyo itakayokuokoa." Ilikuwa programu ya kupanga marejeo. Unaingiza kila kitabu na kila makala mara moja: mwandishi, mwaka, kichwa, jarida. Kila kimoja kinapewa namba. Ukiwa unaandika thesis unaweka namba tu pale unapotaja chanzo. Ukimaliza unabonyeza sehemu moja, na namba zote zinageuka kuwa majina na miaka, na orodha ya marejeo inajiandika mwishoni.

Kwa wakati ule, wakuu, ilikuwa kama uganga.

Kompyuta sikuwa nayo. Shemeji yangu Kilonzo alikuwa ofisi ya booking katika hoteli moja Diani, na kuanzia saa nane mchana wageni wote wako ufukweni, simu hailii. Mara mbili kwa wiki nikawa natoka Bodo kwenda kukaa kwenye kompyuta yake. Meneja akipita, Kilonzo anasema mimi ni fundi.

Kitabu cha maelekezo kilisema anza na rekodi moja ya mazoezi. Siku moja kabla, Bi Mejumaa alikuwa amepika pweza wa nazi. Wenyeji walikula minyiri, ile mikono ya pweza, minene ya kushiba. Mimi nilipata ncha, nyembamba kama kamba ya kiatu. Kinyongo kilikuwa bado hakijaisha.

Nikaandika. Mwandishi: Bakari, Mejumaa. Mwaka: 1997. Kichwa: Pweza wa Nazi na Sababu za Mgeni Kunyimwa Mnyiri Mnene. Jarida: Jarida la Jikoni, Bodo. Toleo la tatu, ukurasa wa kwanza hadi wa pili.

Tukacheka na Kilonzo mpaka akalazimika kufunga mlango. Kisha nikaendelea na rekodi za kweli, ile nikaisahau. Ilikuwa imepewa namba moja.

Kosa langu likaja hapa. Kila nilipoandika jambo ninalojua ni kweli lakini sina kitabu cha kulithibitisha, niliweka namba moja, kama alama ya kwamba nitarudi kutafuta. Kichwani mwangu namba moja ilikuwa tupu.

Sikurudi kutafuta.

Siku ya mwisho ilipofika nikabonyeza, programu ikasaga kama robo saa, printa ya hoteli ikalia, nikafunga bahasha na kuikabidhi basi la Nairobi. Nilisoma ukurasa wa shukrani peke yake, kuhakikisha jina la baba limeandikwa sawa.

Wiki tatu baadaye niko pale pale kwa Kilonzo, simu ikaita. Ilikuwa ya kwangu, maana namba ya hoteli nilikuwa nimempa Daktari.

"Nimesoma kazi yako," Daktari akasema. "Nimefurahi. Hasa ulivyomtumia Bakari."

"Asante, Daktari," nikasema. Sikujua anazungumzia nini.

"Bakari 1997. Umemtaja mara thelathini na moja. Mbona mimi simfahamu? Na hili jarida, J. Jik. Bodo, linachapishwa wapi? Maktaba yetu hailipati."

Wakuu, mtindo wa marejeo wa idara yetu ulikuwa unafupisha majina ya majarida na kuacha vichwa vya makala. Pweza alikuwa ameondolewa. Kilichobaki kilikuwa na heshima zote za sayansi.

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Ni jarida dogo, Daktari. La huku huku."

"Naona amesema mambo mengi sana katika kurasa mbili."

"Huwa hasemi jambo mara mbili, Daktari."

"Vizuri. Wiki ijayo nina semina Mombasa. Utanipeleka nikamwone."

Akakata simu. Kilonzo alikuwa amelaza kichwa juu ya kitabu cha booking, mabega yanatikisika. Mimi sikuona cha kuchekesha. Kubuni chanzo chuoni kulikuwa ni kufukuzwa, hakuna mjadala, na baba alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe anamaliza.

Nikarudi Bodo. Bi Mejumaa alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikasimama, nikasalimu vizuri, nikamweleza yote.

"Kwa hiyo mimi nimeandika," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nimeandika nini?"

Nikamtajia kichwa. Hakucheka.

"Umeniandika mchoyo mbele ya walimu."

"Kichwa hakionekani, mama. Kimeachwa."

"Lakini wewe ulikiandika."

Akakuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu ndani, kisha akasema, "Huyo mwalimu na aje. Ila uwongo sitamwambia, nisikufiche."

Daktari nilimpokea Msambweni. Shati jeupe, mkoba wa ngozi, thesis yangu ndani imejaa vikaratasi vya alama. Nilikuwa nimejipanga kumwambia ukweli kabla hatujafika. Kila nikifungua mdomo, yeye ana jambo. Mara anafikiria kumwalika Bakari chuoni. Mara anasema angefaa kuwa mtahini wangu wa nje. Tukafika sijasema hata neno.

Bi Mejumaa akatukaribisha barazani, akaleta maji ya kunywa. Daktari akashukuru, akaangaza macho huku na huku, kisha akaniinamia.

"Profesa yuko ofisini?"

"Ndiye huyu aliyekupa maji, Daktari."

Nikayamwaga yote pale pale, haraka haraka: floppy, mazoezi, pweza, namba moja. Daktari alinisikiliza bila kupepesa macho. Nilipomaliza aligeuka akatazama njia tuliyojia. Nadhani alikuwa anahesabu nauli ya kurudi.

Bi Mejumaa ndiye aliyesema kwanza.

"Mwalimu, nisomee hayo ninayosemwa nimesema."

Daktari akatoa thesis, akafungua kikaratasi cha kwanza, akasoma akitafsiri kutoka Kiingereza. "Nguzo za mkandaa, mmoja wa mikoko, zikikatwa mwezi ukiwa mpevu, wadudu huzila upesi. Bakari 1997."

"Hilo nilisema. Alikuwa amekaa hapo hapo ulipokaa wewe."

Daktari akafungua cha pili. "Mchu ni mti bora kwa nguzo za nyumba. Bakari 1997."

"Hilo sikusema. Mchu utakuangukia ukilala. Nani kamwambia?"

Akanigeukia. Nikatazama sakafu. Kwa kweli sikumbuki nani aliniambia. Daktari akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari.

Wakapitia yote thelathini na moja. Alasiri ilipofika Bi Mejumaa akaenda kuswali, akarudi, akauliza walikuwa wamefika wapi. Kumi na saba aliyakubali. Kumi na mawili aliyakataa, mengine kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka humu. Mawili alisema waulizwe wavuvi, yeye hajui.

Katikati ya shughuli ile niliona jambo. Daktari alikuwa ameacha kukasirika. Alikuwa ametoa daftari lake mwenyewe na anauliza maswali yake. Ilibainika kwamba kwa miaka yote amekuwa akiwafundisha wanafunzi majina ya Kiswahili ya mikoko huku muia anauita mkoko, na mkoko wenyewe, ule mti mmoja wenye jina hilo hasa, anauita muia. Bi Mejumaa alimsahihisha taratibu, kama anavyosahihishwa mtoto wa chuo cha Kurani na maalimu wake, na Daktari akawa anarudia.

Tulikula hapo. Wakati wa kuondoka Daktari akaniita pembeni.

"Hayo kumi na saba ulikuwa nayo jikoni kwake," akasema, "halafu ukawa unatafuta kitabu cha kuyafunika. Utaandika upya. Kila neno lake utaliandika kuwa mahojiano, siku uliyomhoji, na jina lake kamili. Hayo kumi na mawili yatoke. Mahafali ya mwaka huu sahau."

Nikashukuru. Baba alirudi kanisani kutangaza upya, na hakufurahi.

Niliandika upya, na mwaka uliofuata nikatetea thesis yangu nikapita. Lakini nakala ile ya kwanza ilikuwa imebaki kwenye rafu ya idara, na hakuna aliyekumbuka kuitoa.

Siku ile ile ya utetezi wangu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa anawasilisha proposal yake chumba hicho hicho. Nikakaa nyuma kusikiliza. Slaidi ya tatu, kwa herufi kubwa: Bakari, 1997, J. Jik. Bodo 3: 1-2.

Daktari akavua miwani. "Makala hiyo umeisoma?"

"Nimeisoma yote," kijana akajibu bila wasiwasi. "Hoja zake ni nzuri. Ila mbinu za utafiti ni dhaifu kidogo."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Nilipokwenda Bodo kumpelekea Bi Mejumaa nakala ya thesis yangu, nilimsimulia. Alikuwa anachambua mchele. Akasita.

"Dhaifu wapi?"

"Hakusema, mama."

"Mwambie aje anionyeshe."

Kijana alikwenda. Alikaa kule miezi minne, na proposal aliyorudi nayo ilikuwa nyingine kabisa.

Funzo langu, wakuu: rekodi ya mazoezi ifuteni siku hiyo hiyo. Na mtu akikufundisha jambo, mtaje yeye kwanza kabla hujakimbilia maktaba.

Wenye visa vyenu vya marejeo na wasimamizi, vileteni hapa chini, tucheke pamoja. Na kama yupo humu anayedai kuisoma ile makala ya Bakari, ajitokeze. Nina maswali mawili matatu ya kumuuliza.