Samahani za Karani wa Bima

Kila Kinue aendapo ofisi ya bima pale Himeji, Japani, kudai kigari chake cha kuuzia tofu, ile jibini ya soya, kitengenezwe, karani yule yule humpokea kwa kuinama, huvuta hewa kwenye meno kama aliyeungua ulimi, kisha hupanga vigari vya kuchezea mezani kwa vidole vyake laini: chekundu kilichochomoka kwenye maegesho, na cheupe, cha Kinue, kilichokuwa kimesimama kikisubiri taa. Sauti yake haipandi hata siku moja.

"Samahani sana, mama. Kamera inaonyesha ulishuka, ukainama, ukamwomba radhi yule kijana aliyekugonga. Bima yake inasema ulikiri kosa."

"Ulitaka nimtukane? Mtu anashuka anatetemeka vile, wewe ungemwambia nini?"

"Naelewa, mama. Samahani." Akajifuta jasho kwa leso iliyokunjwa pembe nne, halafu akakisogeza kigari cheupe mbele kidogo, kana kwamba kilijipeleka chenyewe kugongwa.

Asubuhi hiyo mkahawa wa mwisho uliokuwa bado ukingoja tofu ya Kinue ulikuwa umeshapata muuza tofu mwingine. Akanyoosha mguu chini ya meza, akamkanyaga karani kwa kisigino, kwa nguvu zote. Karani akaruka, akainama mpaka paji la uso likakaribia meza. "Samahani sana, mama!"

"Haya sasa," Kinue akasema. "Hapo mwenye kosa nani?"

Karani akavuta hewa kwenye meno. Polepole akakirudisha kigari cheupe pale kwenye taa. "Hilo, mama," akanong'ona, "itabidi niwaulize wakubwa."